Kichwa cha lori chenye kitanda kwa safari ya Lubumbashi: Scania, DAF, Volvo au Howo?

Swali limetoka kwa msomaji wa Mbagala. Anaandika hivi: "Mimi na kaka yangu tuna Fuso mbili zinazobeba mzigo wa Dodoma na Singida. Sasa tumepata kazi ya kupeleka makontena na mzigo wa mifuko Lubumbashi, na wakati wa kurudi tutapakia shaba ya kuleta bandarini. Tunataka kununua kichwa kimoja chenye kitanda, na kaka ndiye atakayeendesha. Tumeangalia Scania R 420 ya mtumba, DAF XF105, Volvo FH, na Howo 371 mpya. Kuna jamaa anatushawishi tulete kichwa cha Kimarekani, maana kitanda chake ni kama chumba. Kaka anasema chochote chenye nguvu kinatosha. Tuchukue kipi?"

Dada, nitaanza na jibu, sababu zitafuata. Kwa safari hiyo ningenunua Scania ya mtumba, R au G, yenye difu mbili (yaani ekseli mbili zinazosukuma), kitanda kamili na ritada inayofanya kazi, kile kifaa cha kulishika gari mteremkoni bila breki za magurudumu. Kama ritada imekufa, au haikuwekwa tangu kiwandani, ningeiacha hata bei ikinivutia. Howo mpya ni chaguo langu la pili, kwa masharti nitakayoyaeleza. DAF na Volvo ni magari mazuri sana, ila mengi yanayoletwa hapa yana kasoro moja isiyoonekana kwenye picha za tangazo. Hilo la Kimarekani liacheni.

Nimeishi na malori zaidi ya miaka ishirini. Nilianza kama utingo, nikawa fundi kwenye gereji ya Tabata, na sasa nasimamia magari ya watu. Kwa hiyo nikizungumzia kitanda, nazungumzia kitu nilichokilalia.

Tuitazame njia kwanza. Kutoka bandarini hadi Tunduma ni zaidi ya kilometa 900. Ukishavuka Nakonde unapita Mpika, Serenje, Kapiri Mposhi, Ndola, Kitwe na Chingola hadi Kasumbalesa, ndipo uingie Lubumbashi. Kwenda tu ni kilometa 2,000 na ushee, na kwenda na kurudi mtazidi 4,000. Katika kipande chetu chote, gari zito haliruhusiwi kuzidi kilometa 80 kwa saa, na kwenye makazi ya watu ni 50. Kaka asihangaike na nguvu za farasi kwa ajili ya mbio, maana mbio zenyewe hazipo. Nguvu atakayoihitaji ni ile ya kuvuta mzigo mlimani injini ikizunguka polepole, ambayo kwenye vitabu vya magari inaandikwa kwa nyutoni mita.

Hapo magari yenu manne yanaachana. Scania R 420 ina nyutoni mita 2,100. Volvo FH ya farasi 440 ina 2,200. DAF XF105 ya farasi 460 ina 2,300. Howo 371 ina takribani 1,500. Kwa maneno ya barabarani, hao watatu wa Ulaya wanapanda Kitonga, ule mlima wa Iringa, katika kundi moja, mmoja akimtangulia mwenzake kidogo, na Howo inapanda ikiwa gia moja au mbili chini yao, injini ikilia. Inafika juu. Nimeiona ikifika mara nyingi sana. Inachelewa na inakunywa, lakini kuchelewa mlimani hakujawahi kumtia mtu hasara kubwa.

Hasara iko upande wa kushuka, dada. Kaka anawaza kupanda Kitonga na mzigo wa mifuko, nami nawaza siku anayorudi na shaba. Shaba inapangwa kwenye tela kwa mafungu mafupi, kila moja tani mbili na kitu, na ukiitazama tela kwa mbali utadhani imekuja nusu tupu. Kumbe gari zima lina tani 50. Sasa linatoka Iringa, limepita Ilula, linaanza kuinama kuelekea Ruaha Mbuyuni, na kona zile zinajulikana. Dereva akitegemea breki za magurudumu peke yake, ngoma zinapata moto, zinapanuka, zinaikimbia bitana ya breki, na kila anapokanyaga anapata kidogo kuliko alichopata kwenye kona iliyopita. Simama siku moja jioni pale Ruaha Mbuyuni, karibu na wauza vitunguu, uangalie malori yanayotoka mlimani. Utanusa kabla hujaona. Utaona moshi wa kijivu ukitoka kwenye magurudumu ya nyuma ya tela, na utingo ameruka chini na jiwe la kuegesha kabla gari halijasimama sawasawa. Na si Kitonga tu, kuna miteremko ya Inyala na Iwambi upande wa Mbeya, ambako tumezika watu.

Ndiyo maana naikazania ritada. Kwenye Scania inakaa nyuma ya giaboksi. Ukivuta mkono wake pale kwenye usukani, mafuta yanaingia katikati ya vyuma viwili vyenye mapanga: kimoja kinazunguka na propela shafti, kingine kimefungwa hakizunguki. Mafuta yanakizuia kile kinachozunguka, gari linashikwa bila breki ya gurudumu hata moja kuguswa, na joto lote linapelekwa kwenye maji ya rejeta. Zile za kizazi cha R 420 zinashika hadi nyutoni mita 3,500 kwenye shafti. Kwa ritada nzima, dereva anayeijua anashuka Kitonga mguu wake ukiwa umepumzika, na breki zake zinafika chini zikiwa baridi, tayari kwa mbuzi atakayekatiza barabara.

Kaka aelewe jambo moja hapa, kwa sababu madereva wengi wanaliharibu. Ritada inategemea maji, na maji yanasukumwa na pampu inayozungushwa na injini. Ukishuka kwa gia kubwa injini ikinong'ona, pampu inazunguka polepole, maji yanachemka, na gari lenyewe linaanza kuipunguza ritada ili kujilinda. Dereva anadhani imeharibika katikati ya mteremko, anashika breki kwa hofu. Atie gia ndogo tangu juu, injini izunguke kati ya 1,800 na 2,000 hivi, ndipo aivute. Na rejeta inayovuja ni ritada mbovu, hata kama ritada yenyewe haina tatizo.

Msidhani kila Scania inayo. Ni kitu cha kuagiza kiwandani, na mnunuzi wa kwanza aliyekuwa anafanya kazi kwenye nchi tambarare mara nyingi hakulipia. Volvo wana njia yao, breki ya ndani ya injini wanayoiita VEB, na ni nzuri kweli, kwenye injini ya lita 13 inafika kilowati 375. DAF pia wana breki ya injini, na baadhi zilifungwa ritada. Howo ya kawaida inakuja na breki ya kuziba eksozi, ambayo inasaidia lakini haifanani na hivyo vingine. Mkinunua Howo kwa kazi ya shaba, kaka lazima ashuke Kitonga kwa gia ile ile ambayo angepandia, bila kujali nani anampigia honi nyuma. Hilo ni sharti langu la kwanza kwa Howo.

Sasa ile kasoro isiyoonekana kwenye picha. Vichwa vingi vya mtumba tunavileta kutoka Uingereza kwa sababu usukani wao uko kulia kama wetu. Kule uzito wa mwisho wa gari la ekseli sita ni tani 44, barabara ni lami safi, na wenye magari wanapenda kichwa cha ekseli tatu chenye difu moja tu, na ekseli ya katikati ndogo inayonyanyuliwa gari likiwa tupu. Ukikitazama kwa pembeni kina magurudumu matatu kila upande, muuzaji anakwambia ni ekseli tatu, na hajasema uongo. Lakini kinachosukuma ni ekseli moja. Kwenye yadi yenye tope huko Lubumbashi wakati wa masika, au kwenye mchepuko wa vumbi wenye mlima mfupi, ekseli hiyo moja inazunguka bure, tani 50 zimesimama.

Na kuna mizani. Chini ya sheria ya uzito ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo kwetu ilianza kutumika Machi 2019, ekseli ya mbele inaruhusiwa tani 8, kundi la ekseli mbili zenye tairi nne nne tani 18, na kundi la ekseli tatu la tela tani 24. Jumla 50. Zile tani 56 mnazozisikia ni za gari la ekseli saba. Tani 18 hizo za kichwa mnazipata kama ekseli zote mbili zina tairi mbili mbili kila upande. Ile ndogo ya katikati yenye tairi moja moja haihesabiwi hivyo, kwa hiyo mtapakia pungufu kila safari, maisha yote ya gari. Kuanzia Vigwaza, Mikese, Wenda, Makambako, Uyole hadi Mpemba, mizani itawakumbusha mara sita kabla hamjaiona Zambia.

Kwa hiyo mkiona DAF XF105 au Volvo FH ya bei nzuri, swali la kwanza liwe: difu ngapi? Pigeni magoti mtazame chini. Difu mbili mtaziona kwa macho, matumbo mawili ya chuma na shafti fupi inayoyaunganisha. DAF za difu mbili kutoka Uingereza ni za kutafuta kwa tochi. Scania za difu mbili zinapatikana kwa urahisi zaidi sokoni kwetu, na nyingine zimeshatumika hapa hapa nchini. Mkiwa chini humo humo, someni na namba ya difu kwenye kibati chake, yaani shafti inazunguka mara ngapi gurudumu likizunguka mara moja. Zilizopangwa kwa barabara tambarare za Ulaya zina namba ndogo, hata chini ya 3. Zinakwenda vizuri kwenye lami ya Uingereza, lakini kwa tani 50 na milima yetu klachi inaumia kila mnapoondoka. Mimi napenda 3.4 kwenda juu. Howo wengi wanakuja na 4.42 au 4.8, na hilo ni mojawapo ya mambo yanayoiokoa mlimani.

Kuhusu injini na mafuta nitasema machache. Ulaya ilifanya Euro 6, kiwango chao cha usafi wa moshi, kuwa lazima kwa magari mazito mapya kuanzia mwisho wa 2013, kwa hiyo kichwa cha mwaka 2014 na kuendelea kitakuwa na AdBlue (kimiminika cha kusafisha moshi) na chujio la masizi kwenye eksozi. Vyote viwili vinataka dizeli safi kote mtakakopita, na kichwa kikiwasha taa nyekundu Kapiri Mposhi kinapunguza nguvu chenyewe. DAF XF105 nayo inatumia AdBlue ingawa ni ya zamani kidogo. Najua mafundi wengi wanaizima kwa kompyuta, na mtauziwa gari ambalo limeshazimwa. Mimi silipendi gari hilo, si kwa sababu ya AdBlue yenyewe, ila kwa sababu aliyeingia kwenye kompyuta kuzima kitu kimoja huwa amefuta na vingine, na siku gari likiumwa kweli halitawaambia. Kwa njia ya Kongo, Euro 3 au Euro 5 isiyochezewa ni bora kwenu.

Howo 371 inapendeza hapo. Injini yake ya lita 9.7 ina asili ya Steyr ya Austria, pampu yake ni ya kizamani, inakubali dizeli ya aina yoyote, na kila mtaa wenye gereji kuanzia Mbagala hadi Tunduma una fundi anayeifahamu akiwa amefumba macho. Spea zake ni rahisi. Ikiharibika porini inatengenezwa porini. Kama mtanunua kwa mkopo, na benki ikataka gari jipya lenye dhamana, sitawalaumu hata kidogo. Sharti langu la pili ni kuhusu kebini, na hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri, dada, maana atakayelala humo ni kaka yako.

Mwaka mmoja nilipanda na dereva wetu kwenda kuona kwa nini gari letu linachelewa mpakani. Kichwa kilikuwa cha kebini fupi, ile ya mizigo ya mjini, na bosi alikuwa amemtengenezea dereva kitanda cha ubao nyuma ya viti, upana wa mikono miwili. Tulikuta foleni imetoka Tunduma mjini imerudi nyuma kilometa kadhaa. Tulikaa usiku sita. Joto la injini lilikuwa linapanda kupitia ile nundu ya katikati inayofunika injini hadi saa nane za usiku. Dereva alikuwa mtu mrefu, hawezi kunyoosha miguu, akawa analala amejikunja ubavu mmoja, magoti yakigusa kiti. Foleni ikisogea saa tisa, anaamka, anasogeza mita hamsini, anarudi kujikunja. Mchana anapika chai kwenye jiko la gesi lililowekwa juu ya boksi la zana, macho yamekuwa mekundu. Tulivuka, tukapakua, tukarudi. Siku ya nne ya kurudi, ndani ya hifadhi ya Mikumi, mchana kweupe, nilimwona kichwa chake kinainama taratibu kama mtu anayesoma kitu magotini. Nilimshika bega, nikaushika usukani. Mbele yetu lilikuwa basi. Tulipofika Mikese nilishuka nikatapika. Yule dereva hakuwa mlevi wala mzembe, alikuwa mtu ambaye hajalala siku kumi.

Tangu siku hiyo gari la masafa marefu nalipima kitandani kwanza. Nendeni na futi ya fundi cherehani na kaka mwenyewe. Avue viatu, alale chali, anyooshe miguu. Visigino na kichwa visiguse ukuta. Ageuke ubavu mpaka ubavu bila kushika kitu. Anyanyuke akae, kichwa kisigonge kitanda cha juu. Halafu asimame katikati ya kebini avae suruali. Kama hawezi kuvaa suruali akiwa amesimama, basi kwa siku tano za foleni atakuwa anavalia nje kama mtoto.

Majina ya kebini yatawasaidia kujua mnachokiona. Scania ya P ni ya chini, nundu yake ya injini ni kubwa, ni gari la kazi za karibu hata kama lina kitanda. G ni ya katikati. R imekaa juu zaidi na nundu ni fupi. Kwenye herufi za kebini, 19 kwa zile za zamani na 20 kwa za kizazi kilichoanza 2016 ndizo kebini ndefu za kulala, na Highline au Topline ni paa lililoinuliwa. CR19 Highline inamtosha mtu yeyote. Volvo FH ya Globetrotter ndiyo ambayo mimi mwenyewe nimelala vizuri kuliko zote, siwezi kuificha sifa hiyo. DAF yenye Super Space Cab ina paa refu kiasi kwamba mtu wa futi sita anasimama wima bila kofia kugusa, na kwa nafasi peke yake inawashinda wote mlionitajia. Mercedes Actros ya Megaspace, ambayo hamkuitaja, sakafu yake ni bapa kabisa tangu ilipotoka 1996, hakuna nundu ya kuruka. Howo zina kebini mbili mnazoweza kuchagua: HW76 ya paa la kawaida yenye kitanda kimoja, na HW79 ya paa refu yenye vitanda viwili. Wauzaji wanapenda kuwapa HW76 kwa sababu ndiyo iliyopo yadi. Sharti langu la pili ni hilo: HW79, au msinunue Howo kwa njia hii.

Godoro libonyezeni. Likigusa ubao, hesabuni godoro jipya kwenye bei, si gharama kubwa. Angalieni dirisha la paa kama linafunguka na kama lina wavu wa mbu. Pazia liwepo, lizibe mwanga wote. Na kiyoyozi cha gari hufanya kazi injini ikiwa inanguruma tu, na injini ya ukubwa huu ikinguruma bila kutembea inakula lita 2 hadi 3 kwa saa. Kaka akilala saa nane hivyo, ni lita 16 hadi 24 za dizeli kwa usiku mmoja. Kwa usiku tano mpakani mtakuwa mmechoma pipa dogo. Kuna viyoyozi vya umeme wa volti 24 vinavyofungwa juu ya paa, vinatumia betri. Fungeni hicho na betri mpya mbili nzuri, na kifaa cha kukizima chenyewe kabla betri hazijashindwa kuwasha gari. Kitajilipa mapema, na kaka atalala madirisha yakiwa yamefungwa, jambo ambalo pale foleni ni la usalama pia. Madereva wetu wana desturi ya kupitisha mkanda wa kiti kwenye vishikio vya milango na kuufunga kwa ndani ili mlango usivutwe usiku. Afanye hivyo. Na matenki yawekewe vifuniko vya kufuli na wavu shingoni, wanyonya mafuta hawalali.

Kitanda kikubwa kina gharama yake ya uzito, na hili linanileta kwa yule jamaa wa Marekani. Wamarekani wanatengeneza vichwa vyenye pua ndefu na vyumba vya kulala vya karibu mita mbili kwa sababu ya sheria yao. Tangu 1982 serikali yao kuu haihesabu tena urefu wa gari zima, inahesabu tela tu, kwa hiyo kichwa kinaweza kuwa kirefu kadiri mwenyewe anavyotaka. Uzito wao wa kawaida wa mwisho ni pauni 80,000, kama tani 36. Sheria zetu zinapima gari kutoka pua hadi mkia, na kazi yetu ni tani 50. Kila mita ya chumba cha kulala ni mita mnayoikosa kwenye tela, na kila kilo ya friji na kabati ni kilo ya shaba mnayoiacha Lubumbashi. Halafu usukani uko kushoto. Kaka akitaka kulipita lori lingine kati ya Makambako na Igawa, itabidi amuulize utingo kama kuna gari linakuja. Ipo Freightliner Argosy ya pua bapa, iliyouzwa Afrika Kusini ikiwa na usukani wa kulia, na hiyo ni gari la heshima, lakini spea zake ziko Johannesburg na nyie mko Mbagala.

Hesabu ya uzito wenyewe iko hivi: kichwa cha difu mbili chenye kebini ya kulala ni tani 9 hivi, tela bapa ni 7 hivi, zinabaki 34 za mzigo. Matenki mawili yenye lita 800 za dizeli ni karibu kilo 670, ziko ndani ya ile 9 au nje yake kutegemea muuzaji alipima vipi. Pimeni wenyewe gari likiwa na mafuta, kaka na utingo wakiwa ndani, kabla hamjamwahidi mwenye mzigo tani zozote.

Kwenye mafuta, gari la tani 50 likienda kilometa 2 kwa lita liko sawa. Likienda 2.2, kwa safari ya kilometa 4,000 mnaokoa lita 180 hivi. Tofauti hiyo huletwa na mguu wa dereva, upepo wa tairi na difu inayofaa kuliko jina lililoandikwa usoni mwa gari, kwa hiyo msikubali muuzaji awauzie jina kwa hoja ya ulaji wa mafuta.

Giaboksi: mikono au ya kujibadilisha? Scania za zamani zenye Opticruise, giaboksi yao ya kujibadilisha, bado zina kanyagio la klachi la kuondokea, za baadaye hazina. I-shift ya Volvo haina kabisa, na inapofanya kazi inambadilisha dereva wa kawaida kuwa dereva mzuri. Lakini kompyuta yake ikigoma nje ya mji, fundi wa barabarani hana la kufanya. Kwa gari lenu la kwanza la masafa haya, ambalo likisimama biashara nzima imesimama, ningechukua ya mikono. Mkifika kichwa cha tatu tutazungumza tena. Vilevile Volvo FH yenye difu mbili, kebini ya Globetrotter na kumbukumbu za huduma zilizoandikwa, ikitokea kwa bei ile ile, sitawazuia. Chukueni tu mkijua kwamba mtahitaji fundi mwenye kompyuta yake, si wa kuazima.

Siku ya kukagua, ombeni gari lijaribiwe likiwa na tela yenye mzigo. Muuzaji atakataa, mwambieni mtalipia mafuta. Asubuhi injini iwe baridi, mkono juu ya kifuniko, msikute ameshaiwasha kabla hamjafika. Tazameni chesesi nyuma ya kebini na karibu na sahani ya kushikia tela, kama kuna kulehemu. Tikiseni kebini kwa mikono, springi zake zikiwa zimekufa kitanda kitamtupa kaka kila shimo. Kisha pelekeni gari njia ya Pugu hadi Kisarawe, kule kuna vilima. Kwenye mteremko kaka aondoe mguu kwenye breki, atie gia ndogo, avute ritada hatua moja moja, na wewe ukae pembeni utazame sindano ya joto la maji. Gari lishikwe kwa kila hatua, na sindano isipande hadi kwenye nyekundu. Likifanya hivyo mara tatu mfululizo, rudini yadi, kaka apande kitandani alale nusu saa mchana ule ule, jua likiwa kali, madirisha wazi. Akishuka mwulize kwanza kuhusu shingo yake, ndipo muanze kuzungumza bei.